Chapa ya Kiatu na Chapa ya Kristo

SOMO LA MWEZI KWA VIKUNDI VYA NYUMBA KWA NYUMBA

Masomo ya kusoma kabla ya kukutana: Yoshua 9:3-15, Luka 15:11-24, Yakobo 2:1-9, Wagalatia 6:14-17.



Somo la mwezi huu linahusu viatu. Huenda wengine watashangaa na kusema, je, gazeti la kanisa limeishiwa na mambo ya kuandika? Tunawaomba mtuvumilie mpaka mwisho, maana jambo hili limetugusa sisi walimu wenyewe, na kosa tutakalolieleza ni letu.

Mwaka jana, majuma mawili kabla ya siku ya Kipaimara, tulitoa tangazo kanisani. Tulisema kila mtoto aje amevaa nguo safi na viatu vizuri, kwa kuwa Baba Askofu anakuja. Hatukueleza zaidi ya hapo. Katika darasa letu alikuwamo kijana mmoja anayelelewa na bibi yake. Walipofika nyumbani, bibi alimwuliza mjukuu wake viatu vizuri ni viatu gani. Kijana akamjibu kwamba ni vile wanavyovaa wenzake, yaani raba zilizojaa herufi za kampuni kubwa ya Ulaya, mbele, nyuma na ubavuni. Bibi akauza mbuzi wawili, na raba zikanunuliwa mnadani.

Siku ya Kipaimara ilipofika, kijana yule alipokuwa akienda kupiga magoti mbele ya Baba Askofu, soli ya kiatu cha kulia ilibanduka. Alitembea akiiburuta, nayo ikapiga sakafu kila alipokanyaga. Wenzake walicheka. Hata baadhi ya watu wazima walitabasamu. Akawekewa mikono, akarudi mahali pake, na baada ya siku ile hatukumwona tena kanisani kwa muda wa miezi mitatu.

Tulipokwenda kuwatembelea, bibi alitupokea vizuri, akatupa viti na chai. Kisha akatuuliza, “Walimu wangu, mlisema viatu vizuri. Vizuri ni vipi?”

Hatukuwa na jibu. Somo hili ni jaribio letu la kumjibu.

1. CHAPA ILIANZAJE?

Kwanza hatuna budi kusema wazi kwamba kuweka alama juu ya kazi ya mikono si dhambi. Tangu zamani mfinyanzi, mhunzi na fundi wa ngozi waliweka alama zao juu ya kazi zao. Alama ile ilikuwa kama ahadi. Fundi alisema, “Kazi hii ni yangu, ikiharibika upesi, mnajua mlango wa kubisha.” Alama ilimfunga aliyetengeneza, wala haikumpa sifa aliyenunua.

Wazee wetu wanavikumbuka viatu vya Bata. Kampuni hiyo ilianzishwa na Tomáš Baťa pamoja na ndugu zake katika mji wa Zlín mwaka 1894, na kiwanda chake cha Limuru, Kenya, kimewavisha watu wengi wa Afrika Mashariki. Jina la Bata lilikuwa ndani ya kiatu au chini ya soli. Aliyetaka kulisoma ilimpasa kusubiri kiatu kivuliwe.

Sasa tutazame habari za wale wenye herufi kubwa. Louis Vuitton alifungua duka la masanduku ya safari mjini Paris mwaka 1854. Masanduku yake yalikuwa imara, yakapata sifa, na watu wengine wakaanza kuyaigiza. Louis alifariki mwaka 1892. Mwaka 1896 mwanawe, Georges, alitunga turubali jipya lililochapwa herufi L na V zilizopishana, pamoja na maua, kila mahali. Sababu mojawapo ya kufanya hivyo ilikuwa kuwazuia waigizaji. Kwa hiyo herufi ambazo leo zinaigizwa kuliko karibu herufi zote duniani ziliwekwa pale ili kuzuia kuigizwa!

Mwingine ni Guccio Gucci, mtu wa Florence, Italia. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika hoteli ya Savoy mjini London, akiwahudumia wageni matajiri na mizigo yao. Aliitazama mizigo ile, akajifunza. Mwaka 1921 alifungua duka lake mwenyewe Florence. Mwaka 1953, ambao ndio mwaka aliofariki, kampuni yake ilitoa kiatu cha ngozi kisicho na gidamu, chenye kipande cha chuma juu yake kilichofanana na lijamu ya farasi. Kiatu kile kinauzwa hata leo. Bei yake imekwisha kupita dola 900 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili za Tanzania. Baadaye zikaja herufi mbili za G zilizofungamana, nazo zikatapakaa kwenye mikoba, mikanda na viatu.

Tena kuna alama ya Nike, ule mkunjo unaofanana na vema ya mwalimu kwenye daftari. Mwaka 1971 mwanafunzi wa uchoraji nchini Marekani, Carolyn Davidson, aliichora kwa malipo ya dola 35. Ni haki kusema kwamba miaka kadhaa baadaye, mwaka 1983, kampuni ilimpa hisa kwa shukrani. Lakini fikirini: mchoro wenyewe uliigharimu kampuni dola 35 tu. Thamani kubwa iliyo nayo leo imetoka machoni petu sisi watazamaji.

Basi tunaona safari ya chapa. Ilikuwa ndani ya kiatu, ikatoka nje. Ilikuwa ahadi ya fundi juu ya kiatu, ikawa tangazo la mvaaji juu ya nafsi yake. Na jambo la ajabu ni kwamba zamani mwenye bidhaa alimlipa mtu ili aitangaze, lakini siku hizi mtu hulipa fedha nyingi ili awe ubao wa tangazo unaotembea.

2. KIATU NA CHEO

Hata hivyo tusidhani kwamba majivuno ya viatu yameanza na vijana wa leo. Katika Ulaya ya zamani watu walivaa viatu vyenye ncha ndefu iliyochongoka mbele. Kadiri ncha ilivyokuwa ndefu, ndivyo mvaaji alivyohesabiwa kuwa mtu mkubwa. Mwaka 1463, wakati wa Mfalme Edward wa Nne, Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba mtu aliye chini ya cheo cha lodi asivae kiatu chenye ncha inayozidi inchi mbili. Serikali nzima ilikaa na kupima viatu vya watu!

Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa alipenda viatu vyenye visigino vyekundu. Visigino hivyo vikawa alama ya wakuu waliokubaliwa mbele yake huko Versailles. Picha yake kubwa iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701 inavionyesha mpaka leo. Na katika wakati wetu kuna fundi wa Paris, Christian Louboutin, ambaye viatu vyake vya mchuchumio vina soli nyekundu. Alikwenda mahakamani kuitetea rangi hiyo, na mwaka 2012 mahakama ya rufani mjini New York ilikubali kwamba soli nyekundu ni alama yake, isipokuwa pale ambapo kiatu chote ni chekundu. Miaka mia tatu imepita, na rangi ile ile bado inafanya kazi ile ile.

Lakini hatuhitaji kwenda mbali hadi Ufaransa. Tuje Unguja. Katika karne ya 19 watumwa wa Unguja walikwenda miguu mitupu na vichwa wazi. Kuvaa kofia au kilemba, na kuvaa makubadhi mguuni, yalikuwa mambo ya waungwana. Mtu alitazama miguu ya mwenzake, akajua kama ni mtu huru au ni mali ya mtu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale likajengwa Kanisa Kuu la Kristo, chini ya Askofu Edward Steere. Kila Mwanglikana wa nchi hizi anapaswa kuijua habari hiyo. Mwaka 1897 utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja, wengi wa wale waliokuwa watumwa walianza kuvaa kama waungwana, yaani kofia, kanzu na viatu.

Je, tuwaite wenye majivuno? Hasha. Mtu aliyekatazwa viatu kwa sababu ya utumwa, akivaa viatu siku ya uhuru wake, anatangaza kwamba yeye ni mtu. Jambo hili litukumbushe kwamba tamaa ya kiatu kizuri si upuuzi mtupu. Ndani yake mara nyingi mna kilio cha kutaka kuheshimiwa. Kijana wetu wa Kipaimara hakutaka kuwa mfalme. Alitaka tu asionekane mdogo kuliko wenzake.

3. WATU WANASEMAJE?

Tumezungumza na washarika wa rika mbalimbali juu ya viatu hivi vilivyojaa herufi, nasi tumesikia maneno ya pande mbili.

Upande mmoja husema, “Ni jasho langu. Nikinunua kiatu cha bei, nani ananidai?” Tena husema kwamba kiatu cha kampuni yenye jina hudumu. Hoja hii ina ukweli. Ngozi nzuri na mshono mzuri vina gharama, na mwenye uwezo akinunua kiatu kimoja cha kudumu miaka kumi hakufanya ubadhirifu. Lakini ni vema tukumbuke kwamba herufi hazishoni kiatu. Uimara umo katika ngozi, uzi na soli, navyo vingeweza kuwepo bila herufi hata moja.

Wako pia wasemao kwamba kwa watu waliodharauliwa, herufi hizo ni kama hati ya kuingilia mlangoni. Mfano upo. Katika mtaa wa Harlem, New York, fundi mweusi ajulikanaye kama Dapper Dan alifungua duka mwaka 1982. Alichapa herufi za Gucci, Louis Vuitton na wengine juu ya ngozi, akawashonea mavazi wateja wake. Kampuni hizo hazikumpa ruhusa. Baada ya kusumbuliwa na mashtaka, duka lake lilifungwa mwaka 1992. Mwaka 2017 Gucci wenyewe walionyesha koti lililofanana sana na koti lake la zamani. Watu walipolalamika, wakamtafuta wakafanya kazi pamoja naye. Ndipo ikaonekana kwamba yule aliyeitwa mwigaji naye aliigwa.

Upande wa pili husema kwamba viatu hivi ni kelele tu. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2010 jarida moja la Marekani la mambo ya masoko lilichapisha utafiti juu ya mikoba ya Gucci na Louis Vuitton. Watafiti waliona kwamba, kwa kawaida, kadiri herufi zilivyokuwa kubwa na za kuonekana, ndivyo bei ilivyokuwa ndogo. Mikoba ya bei ya juu kabisa ilikuwa kimya. Matajiri wakubwa hutambuana kwa alama ndogo ambazo sisi wengine hatuzioni, na herufi kubwa huuzwa zaidi kwa yule anayeogopa kudhaniwa kuwa maskini.

Zaidi ya hayo, mitindo yenyewe haisimami. Herufi kubwa zilipendwa sana kuelekea mwaka 2000, zikachukiwa, zikapendwa tena miaka kama 15 baadaye, na ilipofika mwaka 2023 magazeti ya mavazi yalikuwa yakiusifu utajiri usiopiga kelele. Anayeikimbilia mitindo ni kama mtu anayekimbiza kivuli chake mwenyewe. Akidhani amekifikia, jua limekwisha sogea.

4. VIATU VYA WAGIBEONI

Sasa tuje kwenye viatu vya bandia, ambavyo vijana wetu huviita feki. Katika ripoti iliyotolewa mwaka 2019 na shirika la ushirikiano wa kiuchumi liitwalo OECD, viatu vilikuwa vya kwanza miongoni mwa bidhaa za bandia zilizokamatwa na forodha za nchi mbalimbali. Hapa Tanzania Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara hiyo, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia.

Hebu tusome Yoshua 9. Wagibeoni waliogopa kuangamizwa, wakatumia hila. Walivaa viatu vya kale vilivyotiwa viraka, wakachukua mkate ulioingia ukungu, wakajifanya watu waliotoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli walivitazama vile viatu, wakaamini. Angalieni sana mstari wa 14. Maandiko yanasema hawakutaka shauri kwa Bwana. Kosa lao lilikuwa kuhukumu kwa viatu.

Wagibeoni walivaa viatu vibovu ili waonekane wametoka mbali. Watu wa leo huvaa vyenye herufi ili waonekane wamefika mbali. Hila ni moja. Lakini mnaona kwamba hila ya namna hii haiwezi kufanikiwa peke yake. Inahitaji mtazamaji anayehukumu kwa macho. Kama wazee wa Israeli wangeuliza kwa Bwana, viraka vile visingefaa kitu. Na kama sisi tusingekuwa na desturi ya kumpima mtu kwa miguu yake, yule mwuzaji wa mnadani asingepata mteja katika bibi mwenye mbuzi wawili.

Kwa hiyo tusimlaumu mwuzaji peke yake, wala kampuni za Ulaya peke yao. Nabii Amosi aliwakemea watu waliomwuza maskini kwa ajili ya jozi ya viatu (Amosi 2:6 na 8:6). Sisi hatukumwuza mtu. Lakini mbuzi wa mjane waliuzwa kwa ajili ya jozi ya viatu, tena kwa sababu ya neno lililotoka katika vinywa vyetu, ndani ya kanisa, baada ya sala.

5. MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI?

(a) Yakobo 2. Mtume anatuonyesha watu wawili wanaoingia katika kusanyiko, mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ni maskini mwenye mavazi mabovu. Tajiri anapewa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame au akae chini. Angalieni kwamba Yakobo hamkemei mwenye pete. Anawakemea waliompangia kiti. Tujiulize, wazee wa kanisa na walinzi wa mlango hufanyaje Jumapili akiingia mgeni? Macho yetu huanzia usoni au huanzia miguuni?

(b) Luka 15. Yule mwana mpotevu aliporudi, baba yake aliagiza vazi, pete na viatu. Wafafanuzi wengi wa Maandiko wameeleza kwamba katika siku zile mtumwa alikwenda bila viatu, na mwana wa nyumba alivaa. Kijana alikuwa amekusudia kuomba awe kama mmoja wa watumishi wa mshahara, lakini baba akamvika viatu vya mwana. Sisi watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, ambao tunaijua habari ya Mkunazini, tunauelewa mfano huu upesi kuliko wengi. Lakini tazameni mpango wake. Baba alimkumbatia kwanza, viatu vikaja baadaye. Viatu vilikuwa ishara ya upendo uliokwisha kutolewa. Havikuwa nauli ya kuutafuta.

(c) Wagalatia 6. Mtume Paulo anamaliza barua yake kwa kusema kwamba anazo mwilini mwake chapa za Yesu. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ni stigmata, nalo lilitumika kwa alama walizochomwa watumwa ili ajulikane bwana wao. Chapa za Paulo zilikuwa makovu ya kupigwa kwake, kama anavyoyaorodhesha katika 2 Wakorintho 11:23-25. Hakuzinunua dukani, wala hakuna awezaye kuziigiza kwa bei nafuu.

Nasi pia tumetiwa chapa. Katika Ubatizo kasisi hufanya alama ya msalaba katika paji la uso wa mtoto. Alama ile haionekani kwa macho, haichakai, na haina ya bandia. Inasema mtu huyu ni wa nani. Katika Kipaimara Askofu huweka mikono yake juu ya kichwa. Haweki juu ya miguu! Kijana wetu alikuwa akienda mbele kupokea baraka ambayo fedha haiwezi kuinunua, nasi tulimfanya afikirie soli.

6. JIBU LETU KWA BIBI

Mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni miguu mitupu akapata medali ya dhahabu. Mwaka 1964, mjini Tokyo, alikimbia akiwa amevaa viatu, akapata dhahabu tena. Alikuwa mtu yule yule. Viatu havikumpa pumzi, wala kukosa viatu hakukumwondolea. Hatusemi kwamba tuvue viatu. Tunasema kwamba mtu ni mtu kabla ya kiatu.

Kwa hiyo, bibi yetu, viatu vizuri ni hivi: vinamtosha mvaaji, vimeshonwa imara, ni safi, na havikuacha deni wala zizi tupu nyumbani. Vikiwa makubadhi, ni vizuri. Vikiwa katambuga za matairi zilizooshwa, ni vizuri. Vikiwa mtumba uliopigwa rangi, ni vizuri. Vikiwa na herufi za Paris, tena za halali, na mwenyewe ana uwezo, navyo ni vizuri, mradi mwenye navyo asimdharau jirani yake.

Walimu wa Kipaimara tumekubaliana kufanya mambo manne, nasi tunaiomba Halmashauri ya kanisa iyatazame:

Kwanza, tangazo la mwaka huu limebadilishwa. Linasema kila mtoto aje amenawa na amevaa alicho nacho. Neno “viatu vizuri” tumeliondoa.

Pili, wiki moja kabla ya Kipaimara, fundi viatu mmoja ambaye ni msharika wetu amekubali kukaa uwanjani pa kanisa siku ya Jumamosi kushona na kugundisha viatu vya watoto bila malipo. Anaomba aletewe uzi, gundi na chai.

Tatu, viatu vilivyowabana watoto wetu tusiviache viliwe na panya. Tuvilete kwa akina mama wa kanisa, wavigawe kwa siri. Mpokeaji asitangazwe.

Nne, mtu mzima atakayemcheka mtoto ndani ya kanisa ataitwa na kuonywa, na sisi tulio walimu tutakuwa wa kwanza kuonywa.

Mbuzi wawili nao walirudishwa. Hatutasema zaidi juu ya jambo hilo, ila kwamba walimu tulichanga, na lilikuwa deni letu.

Huyo kijana sasa anakuja kanisani. Fundi alimshonea upya zile raba kwa uzi wa nailoni, akaweka soli iliyokatwa kwenye tairi. Herufi zilibanduka zenyewe majira ya mvua. Jumapili iliyopita alibeba msalaba katika maandamano ya kuingia, na soli haikutoa sauti.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Je, umewahi kununua kitu kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake? Ulitaka nani akione?

2. Yakobo anawakemea waliopanga viti. Katika kanisa letu, ni nani hupewa viti vya mbele katika arusi, mazishi na sikukuu? Kwa nini?

3. Watumwa walioachwa huru Unguja walivaa viatu kutangaza utu wao. Tutajuaje tofauti kati ya kutafuta heshima ya haki na kutafuta sifa?

4. Mzazi afanye nini mtoto wake akilia kwamba wenzake wanamcheka shuleni kwa sababu ya viatu? Toeni mashauri ya kweli, msiseme tu “asali”.

5. Je, Mkristo anaweza kuuza au kununua kiatu cha bandia huku akijua? Na akidanganywa, afanyeje?

SALA

Ee Bwana Yesu Kristo, ambaye Yohana Mbatizaji alijiona hastahili kuilegeza gidamu ya viatu vyako, nawe hata hivyo uliinama ukaiosha miguu ya wanafunzi wako: utusamehe kwa kuwapima watu kwa mavazi yao na kwa kuwatwika maskini mizigo kwa maneno yetu. Utukumbushe alama ya msalaba wako tuliyotiwa katika Ubatizo, ili tusione haya kwa umaskini wetu, wala tusijivune kwa mali zetu. Tukaenende katika njia ya amani, sisi na watoto wetu. Amina.